Mrejesho: Baba aliyekataa kuombewa

Ndugu zangu, mwezi Februari niliwauliza nifanye nini na baba, aliyekuwa akihudumiwa nyumbani na timu ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito) kwa saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na ambaye alikuwa amekataa kabisa kuombewa. Nawashukuru mno. Nilifuata kwanza ushauri wa dada muuguzi, kwamba maumivu ya mwili yatulizwe kabla ya kugusa ya roho: mofini ya maji ilipoanza kutolewa kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi, baba alianza kuongea. Kisha, kama alivyoelekeza mzee mmoja kati yenu, niliacha kumletea wachungaji, nikamuuliza tu ni nini kinachomkosesha usingizi. Kumbe ulikuwa ugomvi wa shamba na baba mdogo. Baba mdogo alikuja, wakashikana mikono, na siku 3 baadaye baba mwenyewe akaomba asomewe Zaburi ya 23. Alifariki Jumapili alfajiri.

Lililoshindikana ni kikundi cha wafiwa: mama alihudhuria mara moja tu, akasema hawezi kulia mbele ya wageni, hivyo mhudumu wa kiroho wa timu humtembelea nyumbani kila Alhamisi, na mara nyingi huchambua mchele pamoja bila kusema lolote.