Shemeji anataka .22 ya bei nafuu: nimwambie achukue ipi?

Turnere wa Kamalondo
Jambo yenu wote. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Lubumbashi. Shemeji yangu anaishi Afrika Kusini, ana ukaazi wa kudumu na cheti cha umahiri wa silaha. Klabu yao hupiga shabaha za karatasi, mita 50. Anatafuta bunduki yake ya kwanza, .22 (ya risasi ndogo, upana wa inchi 0.22) ya kukoki kwa mkono, na ameniuliza mimi kwa kuwa nashinda na vyuma. Lakini cha bunduki sijawahi kukishika.

Anazo tatu akilini: Norinco JW-15 iliyokwisha kutumika, Savage Mark II mpya yenye kitako cha plastiki, na CZ 457 ambayo bei yake inamuumiza. Kiwanda kikitaka kuuza rahisi, kinapunguza wapi? Kwenye mtutu wenyewe, au kwenye vya pembeni? Sitaki anunue mara mbili.

Mzee wa Likasi
Mwanangu, mtutu usikutishe. Siku hizi tundu lililonyooka na mifereji safi ya kuizungusha risasi si kazi ya gharama kubwa kama zamani, na bunduki nyingi rahisi zinapiga vizuri kuliko anayezishika. Panapopunguzwa ni kitako, kifyatulio, magazini (kisanduku cha risasi) na ung'arishaji.

Kitako ndicho nakionea shaka kwanza. Plastiki nyepesi huwa na uwazi ndani, ukiiegemeza juu ya mfuko wa mchanga inapinda na kugusa mtutu. Risasi hii inakwenda huku, ile kule, na mpigaji anadhani mkono wake ndio mbaya. Apitishe karatasi kati ya mtutu na kitako, kisha akibane kitako kwa kiganja kama anavyoshika akipiga. Karatasi ikikwama, amejua. Mbao nayo ina lake: ikinyonya unyevu inavimba. Na parafujo zinazofunga chuma kwenye kitako zikazwe kwa nguvu ileile kila mara, hilo wewe fundi huhitaji kufundishwa.

Dada wa Ndola
Yaya, mnazungumza chuma tu, risasi mmeisahau! Nimepiga .22 miaka sita na hili nalisema kwa moyo wote: kila mtutu una risasi unayoipenda. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, namba zimefuatana, moja inaitaka hii na nyingine inaikataa. Anunue paketi ya hamsini ya aina nne au tano, apige tano tano kwenye karatasi, apime. Akibadilisha aina, kumi za mwanzo asizihesabu, maana nta iliyopakwa kwenye risasi za aina ya kwanza bado imo ndani ya mtutu.

Aanze na za mwendo wa kawaida. Zile za kasi zinatoka zikiwa juu ya mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, halafu zinashuka chini yake zikiwa bado njiani, na hapo zinatikisika. Na akumbuke: huko mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuweka zaidi ya risasi 200 kwa kila bunduki.

Papa Kenya
Miye naona ivi: ile JW-15 iko muzuri kwa mwenye kuanza. Banafuata muchoro ya bunduki ya Brno ya zamani ya Chekoslovakia, njo mama ya CZ 452, ile yenye ilitangulia 457. Mara mingi magazini ya 452 inaingia mule. Komeo yake (kile chuma unavuta na kusukuma juu ya kuingiza risasi) inakwaruza na mbao iko laini, lakini inapiga. CZ 457 iko bora, komeo yake unainua digri 60 tu.

Turnere wa Kamalondo
Aksanti sana. Hilo komeo linalokwaruza, akija nalo kwetu nilisugue? Na kifyatulio kikiwa kizito?

Mzee wa Likasi
Hapana, hapana! Asivuke na kipande chochote Kasumbalesa. Kwetu silaha ina sheria yake tangu 1985, na mpakani hakuna atakayesikiliza habari za shemeji. Ampelekee fundi wa silaha mwenye leseni hukohuko. Komeo litalainika lenyewe kwa matumizi na mafuta kidogo. Kifyatulio asikiguse kwa tupa hata siku moja: pembe ya pale chuma kinapong'ang'ania chuma ikilika, bunduki inaweza kulia unapofunga komeo tu. Nimeona mtu akitoboa bati la nyumba yake hivyo. Mungu alisaidia, watoto walikuwa nje.

Na ya kutumika aitazame mdomoni mwa mtutu. Wengi husafisha kwa fimbo kutokea mbele na kuula ukingo. Ukingo ukiwa na pengo, aiache, hata ikiwa ya bure.

Turnere wa Kamalondo
Nimemwandikia sasa hivi. Aangalie JW-15 kwanza. Mdomo ukiwa umelika, achukue Savage, na pesa itakayobaki inunue risasi za kujaribu. Jumamosi anakwenda dukani, nimemwambia abebe tochi ndogo na kipande cha karatasi.