Kufundisha Kiingereza kwa simu moja na spika: mnafanyaje?

Mwl_Tandahimba: Habari za jioni walimu wenzangu. Nimepewa Kidato cha Kwanza. Watoto wametoka msingi walikosoma kila somo kwa Kiswahili, sasa hadi baiolojia ni Kiingereza. Nina simu yangu na spika ndogo ya bluetooth, na bando linatoka mfukoni mwangu. Juzi niliwawekea taarifa ya habari ya BBC, wakanikodolea macho tu. Nianzie wapi?

BibiChaki: Pole mwalimu. Taarifa ya habari inakimbia mno. Tafuta makala za VOA Learning English, yaani zile za Sauti ya Amerika kwa wanaojifunza Kiingereza. Mtindo wao wa kusoma polepole, kwa msamiati wa maneno kama 1,500, ulianza 1959. Pakua ukiwa nyumbani. Cheza dakika mbili, basi. Mara ya kwanza wasikilize tu, daftari zimefungwa. Mara ya pili simamisha katikati ya sentensi, waulize neno gani linafuata. Hapo hata wa dawati la nyuma wanaamka.

KakaRedio: Na warekodi wenyewe! Wangu walisoma aya ya jiografia, nikawasikilizisha sauti zao. Vicheko hadi darasa la jirani. Ila binti mmoja alijisikia anavyomeza miisho ya vitenzi, akaomba arudie. Spika iweke katikati ya darasa. Mvua ikipiga bati, sahau.

Mwl_Tandahimba: Shukrani. Hilo la kusimamisha nalijaribu Jumatatu. Maandishi ya makala nayo yanapatikana?

BibiChaki: Yanakuwa chini ya sauti. Yanakili ubaoni, uache mapengo.