Je, kitabu cha kusomwa kwenye simu kinahitaji jalada la kulipiwa?

Mkulima wa Hombolo:
Wanajukwaa, habari za Dodoma ni njema. Nimemaliza kuandika mwongozo wa kilimo cha zabibu, nami nakusudia kuuza nakala za kielektroniki tu. Jalada la karatasi hukilinda kitabu na kukipamba rafuni, lakini hiki changu hakina karatasi ya kulindwa wala rafu ya kupambwa. Je, picha ya shamba langu na jina la kitabu juu yake havitoshi?

Msanifu, Area C:
Ndugu Mkulima, ni kweli kwamba jalada lako halitalinda chochote, ila kazi ya kuita wanunuzi limeachiwa peke yake. Dukani mteja hukishika kitabu, akakigeuza, akasoma maelezo ya nyuma na kupekua kurasa mbili tatu. Kwenye simu hukutana kwanza na kijipicha kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimebanwa katikati ya vingine. Picha ya shamba zima ikipunguzwa kiasi hicho, mashada yote huwa ukungu wa kijani, na herufi nyembamba za kurembwa (ambazo waandishi wetu wanazipenda mno) hazisomeki kabisa. Chukua shada moja lijaze nafasi, kisha jina liwe fupi na nene. Amazon hupendekeza jalada la pikseli 2560 kwa 1600, lakini lipime likiwa dogo: jitumie kwa WhatsApp ulitazame bila kulikuza. Ligeuze pia liwe la kijivu, kwa sababu visomeo vingi vya wino wa kielektroniki (vifaa maalumu vya kusomea vitabu) havionyeshi rangi, na zambarau ya tunda inaweza kufanana kabisa na kijani cha jani.

Mchapaji, Majengo:
Nakubaliana na Msanifu, isipokuwa hilo la kuiacha karatasi. Siku ya Nane Nane pale Nzuguni wakulima watakuomba nakala ya kushika mkononi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali sisi tunachanganya wino wa rangi nne, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye simu hufubaa karatasini. Mteja mmoja aliniletea jalada lililopitia WhatsApp, ambayo huibana picha. Tulipolichapa, uso wa mwandishi ulikuwa vigae vigae. Mdai msanifu faili halisi, na upana wa mgongo wa kitabu usubiri idadi ya kurasa ijulikane.

Msomaji, UDOM:
Ukiwa na nia ya kuandika mfululizo, chagua mpangilio mmoja mapema. Penguin, wachapishaji wa Uingereza, walipoanza mwaka 1935 waliweka rangi ya machungwa kwa riwaya, kijani kwa hadithi za upelelezi na buluu kwa wasifu, na mnunuzi alijua anachokiendea kabla hajasoma jina.

Mkulima wa Hombolo:
Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio la WhatsApp: neno «Zabibu» linasomeka, maneno mengine sita hayasomeki, na mke wangu ameuliza kama ni kitabu cha mchicha. Kesho alfajiri naenda kupiga picha ya shada moja.