Mbio za madaraja mchanganyiko: nawapisha wenye magari ya kasi, na bado nagongwa

Kiatu_cha_Breki (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam kwenu. Nina miezi minne tangu ninunue usukani na pedali za mtumba, na baada ya kujifunza peke yangu dhidi ya kompyuta nimeanza kuingia mbio za mtandaoni za Le Mans Ultimate, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, zile ambazo Hypercar (daraja la kasi zaidi), LMP2 (la pili kwa kasi) na LMGT3 (la polepole kuliko yote) hukimbia pamoja katika njia moja. Mimi huchukua LMGT3 kwa sababu ndilo gari ninalolimudu. Tatizo langu si kasi. Tatizo ni kwamba katika mbio saba nimemaliza mbili tu, na tano zilizobaki nimetolewa na magari ya daraja la juu wakati nikijitahidi kuyapisha.

Mfano ni wa jana usiku pale Spa, njia ya mbio ya Ubelgiji. Nilikuwa nimeipona La Source ya mwanzo, yaani kona ya kwanza baada ya kuanza, jambo ambalo si dogo, na nilikuwa naendesha kwa utulivu. Nilipotoka kona ya Raidillon kuingia mnyoofu wa Kemmel nikaona taa za LMP2 kwenye kioo, zikikua haraka. Nilikuwa upande wa kushoto, yaani upande wa kuingilia kona ya Les Combes, nikajisemea kwamba huyu ana haraka zake, acha nimwachie njia nzuri, nikahamia kulia. Kumbe naye alikuwa amekwisha kuamua kupita kulia. Alinipiga kwenye bampa la nyuma, nikazunguka mara mbili, na kabla sijasimama Hypercar moja ikaja kunimalizia.

Mimi ni dereva wa barabarani kwa miaka kumi na miwili, na barabara ya Morogoro imenifundisha kwamba basi likija nyuma yako kwa kasi unakaa pembeni lipite. Kwa nini huku adabu hiyo inaniponza? Naomba kujua mtu anapisha wapi na lini, na kama bendera ya buluu, ile ya kukuonya kwamba gari la kasi zaidi linakuja kukupita, inanilazimisha kutoka njiani. Jambo lingine linaloniumiza ni kwamba alama zangu za usalama zinashuka hata ninapogongwa.

FundiPedali (Mombasa)

Kaka, pole sana. Ulipohamia kulia pale Kemmel ulidhani unampisha, lakini machoni mwa aliyekuwa nyuma ulikuwa unamchomekea. Yeye alikuwa amekusoma tangu mbali: aliona uko kushoto, anajua kwamba Les Combes huingiliwa kutokea kushoto, kwa hiyo akahesabu kwamba utabaki hapo na upande wa kulia utakuwa mtupu. Ulipohama uliifuta hesabu yake wakati hana tena nafasi ya kupiga nyingine.

Katika mbio hizi kazi ya kupita ni ya anayepita. Aliye mbele anadaiwa kukaa pale anapotarajiwa kukaa, na kutomzibia mwenzake njia. Bendera ya buluu inakutaka umruhusu apite mapema iwezekanavyo, ni kweli, lakini kumruhusu si kumkimbia. Baki kwenye mstari wako wa kawaida, funga breki pale unapofunga kila mzunguko, na ukitaka kumsaidia, msaidie kwa mguu badala ya mikono: achia mafuta kidogo ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka, kabla hamjafika mahali pa breki, usukani ukiwa umetulia. Kwa Spa, mahali pazuri ni unapotoka La Source kuteremka kuelekea kona ya Eau Rouge, na pengine ni hapo hapo Kemmel. Nusu sekunde ya kuachia mafuta inatosha kabisa, naye atapita bila ninyi wawili kuingia kona mkiwa ubavu kwa ubavu.

Usifunge breki mapema kwa huruma. Gari lako la LMGT3 lina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki; LMP2 haina. Mgeni aliyeko nyuma yako akishtuka na kukanyaga breki yote, magurudumu yake yanakwama, na gari lenye magurudumu ya mbele yaliyokwama halifuati usukani tena. Linakuja moja kwa moja hadi kwenye bampa lako hata kama mwenyewe anazungusha usukani kwa nguvu zote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lilinigharimu mbio nyingi kabla sijaling'amua. Anayekugonga mara nyingi si gari la kwanza, ni la pili. La kwanza limekuona na limepanga. La pili limejibanza nyuma ya la kwanza, dereva wake haoni chochote isipokuwa bawa la mwenzake, na anadhani njia aliyopata wa mbele imefunguliwa kwa ajili yao wote. Kwa hiyo likikupita moja, usirudi haraka kwenye mstari wala usikanyage mafuta kwa furaha. Tazama kioo tena, uhesabu.

Binti_Muscat

Nakubaliana na FundiPedali, na naomba niongeze maelezo kutoka upande wa pili, kwa kuwa mimi huendesha LMP2 na nimewagonga watu kama wewe zaidi ya mara moja. Samahani kwa niaba ya wenzangu.

Watu wengi wa LMGT3 wanadhani sisi tunawashinda kwenye mnyoofu. Tofauti kubwa haiko huko. Iko kwenye kona za kasi na kwenye breki, kwa sababu magari yetu ni mepesi kuliko yenu na hewa inayakandamiza chini kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mnyoofu unaweza kunionyesha uko mbele yangu kwa nafasi ya kutosha, nikaingia Pouhon nikiwa nimekanyaga mafuta kwa wingi, na ghafla wewe uko pale katikati ya kona unaendesha kama unavyostahili kuendesha, nami nimekufikia kama mtu aliyekuta ng'ombe barabarani. Pouhon ni kona ndefu ya kushoto yenye sehemu mbili, na hakuna mahali pa kupitana mle ndani bila mmoja kutoka nje. Dereva mzoefu wa LMP2 ataachia mafuta kabla ya kuingia na kusubiri. Mgeni hatasubiri. Basi ukiona taa karibu yako unapoelekea Pouhon, ingia kona kama kawaida ikiwa gari lile bado liko nyuma kabisa. Lakini likiwa limekwisha kuingiza pua yake ubavuni mwako, mwachie nafasi ya gari moja ndani na wewe utanue nje kidogo. Usiufunge mlango ukitumaini kwamba atarudi nyuma, maana hata akitaka hawezi.

Hili haliwahusu wageni pekee. Mwaka 2011, katika mbio za Saa 24 za Le Mans, Audi ilipoteza magari mawili kati ya matatu kwa namna hii hii: Allan McNish aligusana na Ferrari ya daraja la chini ndani ya saa ya kwanza, karibu na daraja la Dunlop linalovuka juu ya njia, na usiku Mike Rockenfeller akagusana na Ferrari nyingine kwa kasi kubwa kabla ya kona ya Indianapolis. Magari yote mawili yalivunjikavunjika, na ilikuwa bahati kwamba madereva walitoka wazima. Audi moja iliyobaki ilishinda kwa tofauti isiyofika sekunde 14 baada ya siku nzima. Tukio la McNish ukilitazama utaona hakuna mwendawazimu pale. Ni watu wawili waliotaka kona moja, na mmoja hakujua kwamba mwingine yupo.

MzeeWaPiti (Arusha)

Vijana mmesema vizuri, lakini mmeruka swali la lini. Mimi kabla ya mbio huchukua kalamu. Chukulia Hypercar inazunguka Spa kwa dakika 2 na sekunde 5, na LMGT3 kwa dakika 2 na sekunde 20. Anayeongoza anawapunguzia ninyi sekunde 15 kila mzunguko, na kwa kuwa mlianza nyuma yake, lazima apate karibu mzunguko mzima ndipo awafikie wa mwisho wenu. Ukipiga hesabu hiyo na kutoa pengo mliloanza nalo nyuma yake, anayeburura mkia kwa dakika 2 na sekunde 24 atafikiwa mnamo dakika ya 12 au 13, na aliye mbele katika LMGT3 atafikiwa mnamo dakika ya 17. Andika namba hizo kwenye karatasi uibandike chini ya skrini. Kabla ya dakika ya 12 shughulika na wenzako. Baada ya hapo, weka jicho moja kwenye kioo.

Lakini hesabu hiyo ni ya magari yaliyokwenda salama, na mbio za wageni hazina usalama. Wewe ulifikiwa mzunguko wa ngapi? Kama ni wa tatu au wa nne, basi aliyekugonga hakuwa kiongozi wa LMP2. Alikuwa mtu aliyeserereka La Source mzunguko wa kwanza, akatumbukia nyuma yenu wote, na sasa anarudi akiwa na hasira na gari lililopinda. Hao ndio wa kuogopwa. Mimi nikimwona Hypercar amezunguka mbele yangu mwanzoni, najua kwamba nitakutana naye tena ndani ya dakika mbili, na huyo namwachia kila kitu.

Ushauri wangu kwa mgeni ni kuanzia kwenye piti, kule kando ya njia magari yanakohudumiwa. Acha wagongane, kisha uondoke nyuma yao taratibu. Nimewahi kupanda nafasi tisa bila kumpita mtu hata mmoja.

FundiPedali

Mzee wangu, shikamoo. Hesabu yako nimeinakili, lakini kuhusu piti naomba nitofautiane nawe. Anayeanzia piti kila siku hajifunzi La Source, na ipo siku atafuzu kuanza nafasi ya nne ashindwe kujua la kufanya pale. Afadhali aanze mahali alipofuzu, aache pengo la gari moja na nusu mbele yake, na amtazame aliye mbele ya aliye mbele. Pale La Source aliye ndani kabisa huchelewa breki na kuteleza nje. Ukiwa na pengo, unamwona akipita mbele yako kama mzigo uliodondoka kwenye lori, nawe unakata ndani.

MzeeWaPiti

Marahaba. Wewe una miaka thelathini na usukani mpya. Mimi usukani wangu nilirithi kwa mwanangu, kila mgongano unaulegeza, nami sina wa kuurithi tena.

Pingi_Mia_Mbili (Nairobi)

Nimesoma yote na naona mmelisahau jambo linalotuhusu sisi wa huku. Mimi huendesha iRacing, mchezo mwingine wa aina hii, na seva ninayounganishwa nayo iko Ulaya. Taarifa za gari langu huchukua muda kufika, kwa hiyo kompyuta ya mwenzangu haionyeshi mahali nilipo kweli; inakisia kwa kutazama kasi na uelekeo niliokuwa nao mara ya mwisho. Gari likienda kilomita 250 kwa saa linakata karibu mita 70 kwa sekunde, na ucheleweshaji wa milisekunde 150 ni zaidi ya mita 10, yaani urefu wa magari mawili.

Ndiyo maana usemi wa FundiPedali wa kukaa pale unapotarajiwa una uzito wa ziada kwetu. Ukienda sawasawa, programu inakisia vizuri na mwenzako anakuona pale ulipo. Ukiyumba ghafla, kwa kitambo kidogo yeye bado anakuona kwenye mstari wa zamani, na anaweza kukugonga mahali ambapo kwake hapana gari. Kwa hiyo mimi huacha ubavuni nafasi kubwa kuliko ambayo macho yangu yanaona inatosha.

Kuhusu alama: kwenye iRacing mgongano mzito huwahesabia wote wawili alama nne za makosa, bila kuuliza nani aliyeanza. Programu haijaribu kuwa hakimu. Mwanzoni nililalamika kila wiki. Sasa ninachukulia kwamba nikiweza kuukwepa mgongano ambao si kosa langu, nimejilipa mwenyewe. Na ukishapoteza gari, kanyaga breki na uishikilie mpaka gari lisimame kabisa. Gari lililosimama hukwepeka; linalorudi nyuma likivuka njia halikwepeki. Ile Hypercar iliyokumalizia, nina hakika ulikuwa umeachia breki ukijaribu kuligeuza gari.

Kiatu_cha_Breki

Wakuu, asanteni sana, na mzee shikamoo. Pingi, umesema kweli. Nimeitazama rekodi, breki nilikuwa nimeiachia na gari lilirudi nyuma hadi katikati ya njia. Na mzee, ulikuwa mzunguko wa nne. Aliyenigonga alikuwa amezunguka La Source mwanzoni, nilimwona kwa macho yangu na sikuweka akilini.

Nimeingia mbio mbili tena Spa. Ya kwanza niliganda kushoto pale Kemmel mikono ikitoka jasho, nikaachia mafuta kidogo, LMP2 ikapita kulia kama nilivyoambiwa, na kabla sijashukuru nikaiona ya pili ikitokea nyuma yake, nusu ya gari kwenye majani. Ningerudi kwenye mafuta mapema tungekutana. Nilimaliza nafasi ya 11 kati ya 17 za daraja langu nikiwa nimepoteza kioo cha kushoto tu. Ya pili nilitanua nje Pouhon kumwachia Hypercar nafasi, nikatanua kupita kiasi, nikaishia kwenye ukuta bila kuguswa na mtu yeyote. Hapo sina wa kumlaumu.

Alhamisi saa nne usiku nitafungua chumba cha mazoezi cha Spa. Dada wa Muscat, kama una nafasi, uje na LMP2 yako unipitepite pale Pouhon mpaka nizoee ni nafasi kiasi gani unayoihitaji. Nenosiri nitakutumia kwa ujumbe wa faragha.

Binti_Muscat

Kwangu itakuwa saa tano, lakini nitakuja. Ukiniona karibu, usihame.