Naahirishaje mkutano wa tuliosoma pamoja bila kuonekana tapeli? Naombeni ushauri

Kengele_ya_Saa_Kumi (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Tulimaliza kidato cha nne 2014, shule ya bweni ya serikali, Kanda ya Ziwa. Mwezi wa tatu jamaa mmoja akafungua kundi la WhatsApp, kiungo akakibandika Facebook, ndani ya wiki mbili tukafika 62. Ikawa raha tupu: picha za mahafali, nani alikuwa anadoea maharage, nani aliruka uzio akatua mbele ya patroni. Tukakubaliana kukutana Mwanza Jumamosi ya pili ya Desemba, mchango 50,000 kwa kichwa. Mimi nikapewa uweka hazina kwa sababu nakaa hapa hapa, na shuleni nilikuwa na divisheni two yangu safi.
Mpaka leo waliolipa ni 37. Ukumbi ni 1,200,000, nimetanguliza 500,000, iliyobaki inatakiwa wiki mbili kabla. Naona bora tusogeze hadi Pasaka. Swali ni moja tu: tangazo niliandikeje ili watu wasianze kudai hela zao?

Sufuria_la_Jumuiya
Kabla ya kuahirisha, umepiga hesabu ya chakula? Wengi hulipia ukumbi kisha wanashtuka kwenye msosi. Pilau ya watu 62: mchele kilo 8, nyama kilo 12, vitunguu kilo 3, mafuta lita 2. Usipike kilo zote 8 kwenye sufuria moja, chini litakuwa bokoboko na juu mchele mbichi. Gawa mara mbili, na maji yakikauka punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko. Vitunguu vikaangwe hadi viwe vya kahawia kweli, hapo ndipo rangi inapotoka, si kwenye wingi wa bizari.

Mzee_wa_Prepo
Hao 25 wasiolipa hawajakataa, wamesahau. Kumbusha kwa kumbukumbu, usikumbushe kwa deni. Chukua ile picha ya darasa, iweke karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, simu iwe sambamba na picha ili pembe zisipinde. Itume kundini kama faili la hati, maana ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza ubora na sura za mstari wa nyuma zinayeyuka. Kisha andika majina kwa mpangilio, waliosimama kuanzia kushoto, na uache nafasi mbili tatu wazi wajaze wenyewe. Kundi lililolala linaamka hapo. Mchango unautaja kesho yake, si siku hiyo hiyo.

Daftari_la_Mapato
Ndugu zangu mnajibu pilau na picha. Mleta mada, 37 mara 50,000 ni 1,850,000. Toa 500,000 ya ukumbi, inabaki 1,350,000. Ukumbi unakudai 700,000. Unalipa na unabaki na 650,000 ya kuanzia chakula. Kwa hesabu hiyo hakuna sababu ya kuahirisha. Salio lako linasomaje?

Kengele_ya_Saa_Kumi
Hela ipo kwenye M-Pesa yangu. Kuna kiasi kimetoka kidogo lakini kinarudi.

Daftari_la_Mapato
Kidogo ni shilingi ngapi?

Kengele_ya_Saa_Kumi
650,000. Msinihukumu. Kuna mwenzetu tulikaa naye dawati moja kidato cha tatu, aliingia kundini mwezi wa tano. Mtoto wake alilazwa, akanifuata inbox. Kamati ina watu watano, kuwasubiri wote wajibu ni siku tatu. Nikaamua kibinadamu. Ameahidi kurudisha Januari, ndiyo maana nasema Pasaka. Sioni kosa.

Mama_Ibada
Amana ni amana, mwanangu. Hukukopesha hela yako. Ungetoa ya mfukoni mwako tungekusifu.

Dabo_Deka
Dawati moja kidato cha tatu 😂 Sema ukweli, ulikuwa unampenda.

Kengele_ya_Saa_Kumi
Hayo hayahusiani na mada.

Dabo_Deka
Basi ile hela tuma kwenye namba hii.

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, hii stori ni ya kutunga, ni chai, tena ina tangawizi. Mleta mada anasema kamaliza kidato cha nne 2014 na "divisheni two yangu safi". Matokeo ya 2014 hayakuwa na divisheni. Mwaka ule ilikuwa GPA, watu wakapewa Distinction, Merit, Credit. Divisheni zilirudi kwa watahiniwa wa 2015. Mtu hawezi kusahau cheti chake mwenyewe. Mods fungeni uzi.

Dabo_Deka
Na mimi nilishaanza kuchemsha mihogo ya kunywea.

Kengele_ya_Saa_Kumi
Mwaka niliubadilisha makusudi, wenzangu wamo humu. Sisi ni wa 2012. Mnaojua mnajua.

Kalamu_Nyekundu
2012 wale matokeo yalitoka Februari 2013, watu wakalia, serikali ikayafuta, yakatoka upya Mei?

Kengele_ya_Saa_Kumi
Hao hao. Mara ya kwanza nilikuwa na three.

Kalamu_Nyekundu
Sawa, naondoa neno chai.

Laini_Mbili
Mimi wasiwasi wangu hauko kwa mleta mada, uko kwa huyo wa dawati. Aliingia kwa kiungo kilichobandikwa Facebook, maana yake yeyote angeweza kuingia. Uliposikia sauti yake mara ya mwisho ilikuwa lini? Na ulipotuma, kabla ya kuweka namba ya siri, jina lililotokea lilikuwa lake?

Kengele_ya_Saa_Kumi
Anaandika tu, anasema simu yake spika mbovu. Jina lilitokea la mwanamume, akaniambia ni laini ya mdogo wake. Lakini ni yeye! Anajua kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, anajua jina la utani la mwalimu wa Kemia.

Laini_Mbili
Hayo yote mliyaandika kundini mkiwa mnacheka. Kaa kimya miezi miwili kwenye kundi la waliosoma pamoja, utatoka unajua mabweni, viranja na nani alipenda nani. Muulize jambo ambalo halijawahi kuandikwa humo. Na lisiwe jina la mtu, majina yapo Facebook.

Huku nyuma mwambie msimamizi abadilishe kiungo ili cha zamani kife, awashe kipengele cha kuidhinisha wanaoingia, na kila namba mpya ithibitishwe kwa simu ya video na mmoja aliyelala naye bweni moja. Ujumbe wa kuomba hela usifute.

Daftari_la_Mapato
Na tangazo uliloomba, liwe hili: zilizoingia 1,850,000, ukumbi 500,000, zilizotolewa bila idhini ya kamati 650,000, zilizopo 700,000. Ambatanisha taarifa ya miamala. Kisha tarehe utakayofidia wewe, si yeye. Neno Pasaka lisiwemo, ukisogeza tarehe kwanza halafu shimo lijulikane baadaye, hakuna atakayeamini kuwa hukupanga. Ukumbi usome mkataba: mara nyingi kianzio hakirudi, ila wengine wanakubali kubadili siku. Michango ijayo fungueni M-Koba, ule mfuko wa vikundi wa M-Pesa, humo hela haitoki kwa kidole cha mtu mmoja.

Kengele_ya_Saa_Kumi
Mnanitisha bure. Mtu nimekaa naye dawati moja, nianze kumfanyia usaili?

Kalamu_Nyekundu
Swali unalo tayari. Muulize matokeo yenu yalitoka mara ngapi. Mliwahi kuliongelea kundini?

Kengele_ya_Saa_Kumi
Hapana. Ile ilikuwa aibu, hakuna aliyeigusa.

Kalamu_Nyekundu
Muulize sasa hivi.

Mama_Ibada
Mleta mada, umeuliza?

Dabo_Deka
Dakika arobaini hizi.

Kengele_ya_Saa_Kumi
Amejibu. "Mara moja, kwani yanatokaga mara ngapi?"

Laini_Mbili
Pole mkuu. Usimwambie kitu. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako ukiwa na namba ya muamala mkononi, ripoti namba yake kwa kuituma 15040, namba ya kuripotia matapeli, kesho asubuhi polisi na taarifa iliyochapwa. Na leo hii mwambie mwenyekiti wenu, kabla huyo hajamfuata mwingine inbox.

Kengele_ya_Saa_Kumi
Mwenyekiti anasema na yeye alitumiwa ombi hilo hilo. Alitoa 200,000.

Sufuria_la_Jumuiya
Kama ni hao 37 tu, mchele kilo 5 zinatosha.