Ukoo wa Mzee Luhende 🐂: Shija anarudi

*Jumamosi, 27 Desemba 2025*

Dada Kabula 06:41
Mwangaluka wanandugu. Leo tulimalize hili kabla ya saa sita mchana. Shija na familia yake wanatoka Same Alhamisi tarehe 1, wanalala Arusha, Ijumaa alfajiri wanapanda basi la huku Mwanza. Jumamosi tarehe 3 tunavuka wote kwenda kwa mama, Mayu, Sengerema. Nataka kujua nani anawapokea stendi, wanalala wapi (nyumba yao mpangaji hatoki mpaka Februari), michango, na shule ya mtoto wao Limi. Tafadhali tusichanganye na mambo mengine.

Tito 06:43
🐂🐂🐂

Dada Kabula 06:44
Tito nimesema nini

Tito 06:44
Nimeitikia tu mama mkubwa. Shkamoo

Dada Kabula 06:45
Marahaba. Mchango ni elfu ishirini kila mwenye kipato. Nakili orodha uongeze jina lako.
Kabula 20,000 ✅

Dada Kabula 08:30
Mmesoma watu 19. Nawaona.

Mwl. Sayi 08:52
Mwangaluka dada. Mimi nimo, nitatuma jioni. Kuhusu Limi niliuliza kwenye shule yake ya zamani. Jina bado liko pale, hakuna aliyemhamisha kwenye prem, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Kwa vitabu vyao ni mtoro wa mwaka mzima. Na upimaji wa la nne wa Oktoba umempita. Wenzake Januari wanaingia la tano.

Dada Kabula 08:54
Ndiyo maana nikaongea na mwalimu mkuu wa pale. Amesema tumpeleke siku ya kufungua, ataangalia. Hilo limekwisha.

Tito 08:55
Orodha:
Kabula 20,000 ✅
Mwl. Sayi 20,000 jioni
Tito 🙏 maombi

Dada Kabula 08:56
Tito

Doto 09:10
Mwacheni mwanangu, maombi nayo ni mchango 😂 Mimi nitatoa mwisho wa mwezi

Dada Kabula 09:11
Mwisho wa mwezi ni Jumatano Doto. Shughuli ni Jumamosi. Haya, nakuandika.

Shija 10:02
Wakubwa shkamooni. Nimepanda mpaka kanisani ndiko kwenye mtandao, kwa hiyo nawasoma wote kwa mkupuo. Dada asante kwa kuhangaika.
Mwalimu, Limi hakukaa bure. Asubuhi mama yake alikuwa anawafundisha mpaka saa nne, Kiswahili na hisabati, kwa vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu, nilivyovipakua siku nikiteremka Same mjini. Baada ya hapo ni mimi, au bibi yao, au yeyote mwenye kazi.

Shija 10:04
[Picha 3]
Hapo ni kwenye ndiva. Ni bwawa la wote, linajaa maji ya kijito usiku, asubuhi linafunguliwa maji yanashuka kwenye mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Limi alikuwa na daftari. Anaandika saa ya kufungua, saa ya maji kuisha, mashamba mangapi yamepata na nani kakosa. Kugawanya kwa mabaki alikuelewa pale, maana msimamizi wa zamu akikosea robo saa watu wanakosana kwelikweli. Mwezi wa nane wazee walimwita awasomee daftari lake kwenye ubishi wa zamu. Mtoto wa miaka tisa! Nilitamani mngekuwepo.

Tito 10:05
Mjomba mlikuwa mnaogelea humo?

Shija 10:06
Kaogelee humo uone kama utapata pa kulala.

Shija 10:09
Na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ukiitwa, kila nyumba inatoa mtu. Kuzibua mfereji, kupara barabara, kubeba mawe. Sisi tulienda na watoto wote wawili, Eli akibeba mawe ya saizi yake. Mwanzo watu walicheka, Msukuma anafanya nini huku juu kwenye baridi. Ilipofika masika walishakuja kugonga mlango kutuuliza mbona tumechelewa. Wakati wa tangawizi watoto walikuwa wanapima wenyewe kwa mizani na kuandika bei. Sasa Eli akiona kitu chochote anauliza kilo ngapi.

Doto 10:11
Kabula usipate wazo. Hapa Buhongwa hatutaki msaragambo 😂

Dada Kabula 10:12
Ungeanza na mtaro ulio mbele ya kwako.

Mwl. Sayi 10:20
Shija ndugu yangu nakuelewa, na hilo daftari ningependa kuliona. Lakini mfumo hauna kisanduku cha kuandika ndiva. Sheria ya Elimu ya 1978 mtoto akifika miaka saba anaandikishwa na anahudhuria, basi. Mwalimu mkuu yeyote atauliza alikuwa wapi. Mngemwandikisha hata shule ya huko huko juu.

Shija 10:24
Mwalimu unajua kwa nini tulimtoa. Alikuwa haongei hata na mimi. Sitaki kuiandika tena humu.

Nakijwa 10:31
Shkamoo dada Kabula. Naomba tu Limi asirudishwe shule ile.

Dada Kabula 10:32
Marahaba wifi. Hakuna aliyesema ile.

Tito 10:32
Mama mkubwa umesema wewe 08:54

Dada Kabula 10:33
Tito nitakutoa kwenye kundi, mimi ndiye admini.

Doto 10:36
Wifi usitushtaki jamani. Tunawajua Wapare, mtu anauza ng'ombe apate nauli ya kesi ya kuku 😂😂

Nakijwa 10:38
Umenikumbusha wifi. Wale kuku wangu watano niliokuachia Januari wanaendeleaje?

Doto 10:47
🙈

Tito 10:47
Mama jibu

Doto 10:49
Mmoja alikuwa anaumwa

Nakijwa 10:50
Na wanne?

Doto 10:58
Walikuwa wanamuuguza

Shija 10:59
😂😂😂 Nateremka, chaji inaisha. Eli anauliza daraja la Kigongo lina urefu gani. Tulivyoondoka lilikuwa bado, tulizoea pantoni.

Tito 11:00
Kilomita tatu mjomba! Limefunguliwa Juni. Unavuka dakika chache umefika Busisi

Shija 11:01
Amesema basi anatembea kwa miguu, hakuna mlima.

Dada Kabula 11:15
Sawa tumecheka. Turudi. Stendi nani anakwenda? Wanalala wapi? Mimi nina chumba.

Dada Kabula 12:20
Jamani

Masanja Bariadi 12:41
*Imetumwa mara nyingi*
Mwaka 2026 uwe wa baraka kwako. Ukipata ujumbe huu usiuzuie, watumie watu 10 uone muujiza kabla ya jua kuzama 🌹🌹🕊️

Dada Kabula 12:42
Masanja asante. Elfu ishirini.

Kaka Kulwa 13:37
Nimesoma yote. Nilikuwa soko la samaki Mwaloni tangu usiku.
Sina neno na watoto, wala na shemeji. Ila naona hii kusoma nyumbani inapigiwa makofi. Mimi nilitolewa la tano nikapelekwa Geita na ng'ombe arobaini. Kuhesabu nilijifunza kwa mikia. Jioni mikia ikipungua nalala porini naitafuta. Hakuna aliyenipiga picha wala kuniita nisome daftari. Shija alivaa viatu vya shule mwaka ule ule, vipya, buti za kahawia, navikumbuka. Mchango nitatoa.

Dada Kabula 13:41
Kulwa, si leo.

Kaka Kulwa 13:42
Lini?

Doto 13:44
*Ujumbe huu umefutwa*

Doto 13:45
Pacha wangu njoo pembeni tuongee

Kaka Kulwa 13:46
Pembeni nimekaa miaka 28.

Mwl. Sayi 14:30
Nimetuma 20,000 dada.

Dada Kabula 14:31
✅

Baba Mkubwa Maduhu 16:18
MARAHABA WOTE. MJUKUU AMENISOMEA NA NDIYE ANAANDIKA. KULWA ALITOLEWA SHULE NA MIMI SI MAREHEMU BABA YENU. MWAKA WA MVUA ZA EL NINO MCHUNGAJI WA NG'OMBE ALITUKIMBIA. NIKAMWAMBIA LUHENDE TOA MTOTO MMOJA. ALIKATAA SIKU MBILI HALI CHAKULA. NIKAMWAMBIA BASI CHAGUA AKASHINDWA. NIKACHAGUA MIMI. DOTO ALIKUWA MSICHANA NA SHIJA MDOGO HAWEZI KUPIGA NG'OMBE. HIVYO VIATU NILINUNUA MIMI ILI SHIJA ASILIE KWA KUACHWA NA KAKA YAKE. KULWA HUKUAMBIWA. KABULA USIMNYAMAZISHE MWENZIO. MTOTO ASIRUDI ALIKOPIGWA. MKITOKA MWANZA MPITE KWANGU USAGARA KABLA HAMJAVUKA. NIMECHOKA NALALA.

Dada Kabula 16:40
Tumekusikia Baba Mkubwa.

Nakijwa 16:52
Asante Baba Mkubwa. Shkamoo.

Mwl. Sayi 17:05
🙏

Tito 17:06
Shkamoo babu

Mashaka Igoma 18:25
Mwangaluka! Nilikuwa zamu ya usiku ndo naamka. Kuna nini, naona meseji 60. Harusi?

Tito 18:26
Anza juu mjomba, soma polepole

Mwl. Sayi 18:50
Shija ukipata mtandao: Jumatatu nitamwona mwalimu mkuu wa shule niliyopo mimi, Ilemela. Akikubali, uhamisho utaombwa kwenye mfumo kutoka kwetu, hamtakanyaga kule. Lakini ataanza la nne. Hapo siwezi kukudanganya. Na aje na cheti cha kuzaliwa.

Dada Kabula 18:53
Mbona Ilemela na kwangu ni Buhongwa? Atapanda daladala ngapi mtoto wa miaka tisa? Tulizungumza wanakaa kwangu.

Doto 18:54
Tulizungumza na nani?

Dada Kabula 18:55
Nani mwingine ana chumba? Chako kina kuku wagonjwa.

Mashaka Igoma 19:12
😂😂😂 nimefika kwenye kuku

Mashaka Igoma 19:31
Aisee. Nimefika kwa Baba Mkubwa.

Kaka Kulwa 21:10
Hilo basi linaishia Nyegezi au Nyamhongolo

Dada Kabula 21:11
Nyegezi nadhani. Shija?

Tito 21:12
Inategemea. Likipita Singida na Shinyanga linaingia Nyegezi. Mengine yanakatiza Serengeti yanatokea barabara ya Musoma, hayo ni Nyamhongolo

Dada Kabula 21:13
Shija simu yake tiki moja. Wifi pia.

Kaka Kulwa 21:20
Nitakuja na kirikuu, kigari changu cha mizigo. Shemeji na watoto watakaa mbele, Shija nyuma na mizigo.

Dada Kabula 21:21
Kile cha dagaa? Kulwa, watoto watanuka mpaka kwa Mayu.

Kaka Kulwa 21:23
Nitakiosha.

Doto 21:24
Nitakusaidia kuosha pacha

Kaka Kulwa 21:31
Mwambieni Limi asiliache lile daftari. Nataka kuliona mimi kabla ya huyo mwalimu mkuu.

Dada Kabula 21:33
Sawa. Kwa hiyo stendi ni Kulwa, ipi tutajua. Kwa Baba Mkubwa tunapita, maana yake tutoke mapema, saa kumi na mbili kamili watu wako barabarani. Kulwa mchango wako nakuandika?

Dada Kabula 21:50
Na wanalala wapi? Nimeshatoa magodoro nje yapigwe jua kesho.

Dada Kabula 22:04
Doto nakuona uko hewani.