Ushauri: Tarumbeta la babu limegoma kwenda na wenzake. Niliuze, nilisugue au nilikate?

Mtoto_wa_Ngamiani:

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Niko Tanga. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni.

Babu mzaa baba alifariki mimi niko darasa la pili. Nilichobaki nacho kichwani ni kikohozi chake, na tarbushi yenye kishada cheusi iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari chumbani kwake. Mwezi uliopita tulikuwa tunabomoa dari ya nyumba yake, likashuka gunia la katani. Ndani mna tarumbeta kubwa, lile la kupakata ambalo mdomo wake unatazama juu, wenyewe wanaita yufonia. Lina pistoni tatu, moja imeganda. Limechongwa maandishi: Boosey & Co., 295 Regent Street, London, na chini yake neno Solbron, halafu namba ndefu. Rangi yake ni nyeusi tii kama sufuria ya kuni.

Baba mdogo anasema liuzwe, pesa igawanywe. Tayari amemleta mtu wa vyuma chakavu, likapimwa kwenye mzani kilo tatu na nusu, akataja elfu thelathini na tano. Shangazi akakaa juu ya gunia, akasema mpaka wamtoe yeye kwanza.

Mimi nilipuliza kidogo nikiwa skauti, kwa hiyo nikalipeleka kwa vijana wa mtaani wenye matarumbeta ya harusi. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma. Kila nota liko juu kidogo. Halijapotea kabisa, ila linakera, kama mtu anayekukanyaga kidole kile kile kila hatua. Kiongozi wao akacheka, akasema tarumbeta la marehemu halitaki kupigwa na walio hai. Fundi mmoja akaniambia suluhisho ni kulikata bomba.

Naomba msaada: mbona liko hivyo, huu weusi unatokaje, na mngekuwa nyie mngefanyaje? Naomba kuwasilisha.

Kilo_Bei_Poa:

Mkuu mimi natoa elfu arobaini. Niko Sahare, nakuja na mzani wangu, ule wa kwanza siuamini.

Bint_Makorora:

Kaka weusi usikusumbue. Masinia ya bibi yangu tulikuwa tunayasugua kwa ndimu na majivu, unajiona sura. Ukikosa majivu tia soda ile nyeusi usiku kucha. Asubuhi linang'aa kama la dukani.

Mtoto_wa_Ngamiani:

Dada asante. Kwa kweli wapwa zangu walishaanza kwa stili waya kabla sijawafukuza. Sehemu waliyosugua imetoka doa la njano kama kiganja. Ila pembeni ya doa kuna mstari mwembamba mweupe. Sijauelewa.

Mzee_wa_Besi:

Mwanangu, marahaba. Mtu asiguse tena hilo tarumbeta mpaka umalize kusoma hapa. Nimepuliza tarumbeta la besi kwenye bendi miaka thelathini na moja, na baada ya kustaafu ndiyo kazi yangu, watoto wananiletea vilivyobonyea.

Huo mstari mweupe ni fedha. Tarumbeta lako limepakwa fedha juu ya shaba njano, na fedha ikikaa miaka bila kufutwa huwa nyeusi. Si kutu hiyo. Wapwa zako wametoboa fedha wakafika kwenye shaba, na doa hilo haliondoki tena, labda upate mtu wa kulipaka upya. Kwa hiyo bint Makorora anisamehe, sinia ni kitu kingine. Sinia ni nene na ni shaba tupu. Bati la tarumbeta ni jembamba, ukilisugua kwa majivu kila Idi unakula chuma chenyewe. Ndimu na soda ni asidi, zinachomoa zinki kwenye shaba, na shaba ikipoteza zinki inabaki na madoa ya waridi, halafu inatoboka yenyewe. Ukiona doa la waridi ndani ya bomba la upande unaopuliza, hapo mate ya miaka yameshafanya kazi hiyo hiyo.

Fanya hivi. Beseni la maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo. Toa pistoni moja moja, na kila moja ina namba, 1, 2, 3, imegongwa kwenye chuma. Usizichanganye, kila moja imesagwa kwa nyumba yake. Iliyoganda usiivute kwa koleo. Itie mafuta mepesi ya cherehani juu na chini, ifunge, lala. Kesho tia tena. Mimi niliwahi kusubiri siku tisa. Ukitumia koleo utapata pistoni yenye umbo la ndizi, na vipuri vya hiyo hakuna duka la Afrika Mashariki litakalokuuzia.

Sasa sauti. Huyo aliyekuambia ukate, mshukuru kwa nia, usimrudie. Bomba fupi hutoa sauti ya juu, bomba refu ya chini. Lako tayari liko juu, ukikata litapaa zaidi.

Tarumbeta lako halina kosa lolote. Zamani bendi za Uingereza, za migodini, za vijijini na za Jeshi la Wokovu, zilityuni juu kuliko dunia ya leo. Leo nota ya A ni mitetemo 440 kwa sekunde. Wao walikuwa 452 na nusu. Okestra ziliacha mapema, lakini bendi za shaba ziling'ang'ania mpaka miaka ya 1960, kwa sababu kushuka kulimaanisha kununua ala zote upya, na bendi ya wachimba makaa itapata wapi hela hiyo? Tofauti yake ni karibu robo toni, yaani nusu ya hatua kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachofuata. Hailingani na nusu toni ambayo ungeweza kuikwepa kwa kupiga ufunguo mwingine. Imekaa katikati, ndiyo maana inakukanyaga kidole.

Na Boosey & Co. waliungana na Hawkes mwaka 1930, wakawa Boosey & Hawkes. Lako limeandikwa Boosey peke yake, maana yake ni la kabla ya hapo. Ukitaka mwaka kamili, daftari za kiwanda chao ziko makumbusho ya Horniman, London. Waandikie, wape hiyo namba ndefu.

Swali langu kwako: ile tarbushi iko wapi? Na babu alikuwa Marini au Arinoti?

Mtoto_wa_Ngamiani:

Mzee shikamoo tena. Nimesoma mara tatu. Marini na Arinoti ndiyo nini?

Mzee_wa_Besi:

Ndiyo tabu ya Tanga yetu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kila mtu anazijua, beni hakuna anayeisimulia.

Beni ni neno bendi lilivyokaa mdomoni mwa watu wa pwani. Wajerumani walikuwa na bendi za askari, na shule yao hapo hapo Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Watu wakaona, wakasema hii ni ngoma kama ngoma nyingine, tutaicheza sisi. Wakaunda vyama viwili vinavyoshindana: Marini, waliojiona watu wa kisasa na wenye nafasi zao, na Arinoti, watu wa kazi za mikono. Kila chama kina Kingi wake, Jenerali, madaktari wake, sare zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Na ikifika siku ya kushindana, watu wanauza mbuzi ili wasizidiwe na wenzao. Wakati wa vita vya 1914 askari na wapagazi wakaibeba beni mpaka bara.

Likoni_Dam:

Huku kwetu Mombasa vyama vilikuwa Kingi na Skochi, na wa Skochi walivaa sketi za Kiskoti kama askari wa Waingereza, usicheke. Wanawake nao wakishindana kwa lelemama, ngoma yao.

Lakini nyinyi mwaongea kama shaba ya kupulizwa imeletwa na mzungu. Nendeni makumbusho ya Lamu mkaone siwa, baragumu kubwa. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, hupulizwa kwa ubavuni, na haikupigwa ila kwa harusi na mambo makubwa ya wenye mji. Watu wa pwani washajua zamani kwamba shaba ikilia, kuna jambo.

Mwambao_wa_Nyasa:

Kuongezea kwa Mzee: beni ilipofika kwetu ziwani watu hawakuwa na shaba. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaweka utando, ukiimba ndani kinalia kama bati. Ndiyo ngoma ya mganda mpaka leo, mistari imenyooka, suruali fupi nyeupe, soksi ndefu. Babu yangu alikuwa anasema tarumbeta la kibuyu haliibiwi na mtu wa vyuma chakavu.

Mwana_Rungwe:

Nasoma kimya kimya tangu jana. Sisi Wamoravian tarumbeta ni la makaburini alfajiri ya Pasaka. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Baridi ya Rungwe saa kumi na moja, kipulizio kinagandia mdomoni, lakini nota ya kwanza ikitoka unasahau.

Tahadhari moja kwa mleta mada. Bendi za kanisa zenye asili ya Kijerumani nyingi husoma nota zilivyo kwenye kinanda. Waliofundishwa kwa mtindo wa Kiingereza husoma nota zilizohamishwa. Ukikaa na mtu wa shule nyingine mtakuwa mmepishana toni nzima, na hilo halitakuwa kosa la tarumbeta. Hakikisha kwanza kama tofauti ni robo au ni toni.

Mtoto_wa_Ngamiani:

Hao vijana hawasomi nota kabisa kaka, wanapiga kwa sikio. Nimepima kwa programu ya simu: kila nota inasoma juu kwa senti arobaini na kitu, na senti hamsini ndiyo robo toni. Mzee amepatia.

Kilo_Bei_Poa:

Elfu hamsini, ofa ya mwisho.

Mzee_wa_Besi:

Wewe wa kilo, fedha iliyo juu yake hujaihesabu. Au umeihesabu ndiyo maana unapanda bei.

Mwanangu, hesabu hii hapa. Bomba lote la yufonia lina urefu wa karibu mita tatu. Kushuka robo toni unahitaji kuongeza kama sentimita nane. Lile bomba la U la kutyuni lina miguu miwili, kwa hiyo sentimita nne kila mguu. Livute, uone linafika wapi kabla halijachomoka.

Mtoto_wa_Ngamiani:

Linavutika sentimita mbili na kidogo, halafu linaanza kucheza.

Mzee_wa_Besi:

Basi zimebaki kama sentimita mbili kila mguu. Tafuta vipande viwili vya bomba la shaba njano vya kuvaa kati, na U mpya ndefu. Ya asili usiikate wala usiichome moto. Ifunge kwenye kitambaa, iweke pamoja na ile tarbushi. Kesho akitokea mtu na ala saba nyingine zinazotyuni juu kama lako, unarudisha ya zamani kwa dakika moja. Na usisahau vibomba vya pistoni: navyo virefushwe kwa uwiano ule ule, ila ni vifupi, kwa hiyo kile cha pistoni ya kwanza ukikivuta nusu sentimita kinatosha. Ukirefusha bomba kubwa tu, nota za wazi zitakaa sawa na za kubonyeza zitabaki juu.

Fundi_Radieta:

Mada imenikuta mahali pangu. Kuunganisha shaba njano usikubali mtu aje na gesi ya kuchomelea. Bati jembamba linalainika, halafu na fedha yako inababuka. Sisi tunatumia risasi ya kuunganishia radieta na nyundo ya shaba iliyopashwa kwenye jiko la mkaa. Moto mdogo, unafuta chap na kitambaa chenye maji. Bomba la saizi hiyo nenda nalo mkononi kwenye maduka ya vifaa vya mafriji, pima papo hapo, usiende na kipimo cha kukumbuka.

Bint_Makorora:

Jamani nami nimejifunza, masinia ya bibi nayo nitayaacha yapumzike 😂. Kaka, baba mdogo umemwambiaje?

Mtoto_wa_Ngamiani:

Wadau, mrejesho baada ya wiki tatu.

Pistoni ilitoka siku ya sita, yenyewe, nilisikia "tk" kama kifuniko cha soda. Nimeosha kwa uvuguvugu, maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya kengele, ule mdomo mpana, mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, wino wote umeyeyuka, imebaki alama ya mhuri tu. Doa la wapwa liko pale pale.

Fundi wa radieta hapa Tanga alitengeneza U mpya kwa elfu kumi na tano, na alikataa kabisa kuigusa ya zamani hata nilipomwachia. Jumamosi nimepiga na vijana harusi ya Chumbageni, nyuma ya pikapu. Nota mbili za juu bado zinakaidi. Nyingine zimekaa.

Baba mdogo nimempa elfu thelathini na tano yake, bei ile ile ya mzani, na tumeandikiana mbele ya shangazi. Shangazi nilimuuliza swali la Mzee. Akasema yeye alikuwa mtoto, chama hakikumbuki, anakumbuka tu babu akirudi usiku barabara ya kumi na mbili nzima inajua, kwa sababu alikuwa hashushi tarumbeta mpaka afike mlangoni. Tarbushi anayo yeye. Kishada kimeliwa na mende, ila ndani ya ukingo kuna herufi moja imeshonwa kwa uzi mwekundu, M.

Mzee wa Besi, M hiyo ni Marini, au ni jina la babu? Maana na yeye alikuwa Mohamedi.